Zulia Lililoliwa na Jiki

Zulia ninalotaka kuwapa wasomaji habari zake ni la sufu, jekundu, lina maua ya buluu iliyokolea na pindo nyeusi. Shemeji yangu alilinunua Matrah, Maskati, mwaka 1987, akampelekea mume wangu Musoma tulikokuwa tukikaa wakati huo. Aliyemwuzia alimwambia kwamba limefumwa kwa mkono huko Uajemi, na mgongo wa zulia wayasadikisha maneno hayo, kwani mafundo yake yahesabika moja moja, wala hayakulingana kama yalinganavyo ya mashine. Mwaka 2002, mgodi mkubwa wa dhahabu ulipofunguliwa Nyamongo na watu wa biashara wakaanza kuhamia, marehemu alileta duka lake hapa Kewanja, na zulia likaja limeviringishwa juu ya magunia ya mchele. Yeye ametangulia mbele ya haki. Zulia lingalipo.

Waislamu hapa petu si wengi. Wenyeji ni Wakurya, nao wametupokea vizuri, walakini misikiti haiko kila mtaa kama ilivyo pwani. Kwa hiyo ukumbi wangu umekuwa ndipo pa kusalia pa wanawake sita saba wa jirani, khasa mwezi wa Ramadhani. Kibla chetu huku ni kaskazini, kimeegemea mashariki kidogo, na zulia limetandikwa likielekea huko huko. Nalilichunga zulia hilo, pengine kupita kiasi. Vumbi la Kewanja halina simile, malori yapita mchana kutwa, na kila siku kabla ya alasiri nalikuwa nikilifagia kwa mkono wangu mwenyewe. Sikumruhusu mtu kulikanyaga na viatu, wala kuketi juu yake na kikombe cha chai.

Mwanangu alioa binti wa Kikurya wa kijiji cha pili. Alisilimu kabla ya nikahi, kwa hiari yake, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumfundisha udhu, sala na mambo ya tohara. Nalijiona mwalimu hodari. Nikikumbuka sasa naona kwamba nalimfundisha najisi kwa uso wa kutisha. Nalimhesabia: mkojo, damu, matapishi, na hiki na kile, nikamwambia kuwa tone moja likianguka juu ya zulia hili basi sala ya wanawake wote imeharibika. (Jambo hilo lenyewe si kweli, kwani asaliye pahali palipo safi katika zulia hilo hilo sala yake yasihi, nami nalikuwa nikilijua.) Ama namna ya kuiondoa hiyo najisi, nalimwambia neno moja tu, "pasafishwe", kisha nikapita kwenye somo jingine.

Siku ya msiba ilikuwa Ijumaa ya Mfunguo Tisa. Mjukuu wangu, mtoto wa kiume wa miezi minane, aliachiwa kutambaa bila ya nepi, akakojoa katikati ya zulia. Mimi nalikuwa nimekwenda Tarime mjini. Mama yake akatazama saa, akaona wanawake wamekaribia kuja kwa sala ya alasiri, na hofu ikamshika. Akakumbuka kwamba kitu kitoacho kila uchafu katika kanzu nyeupe za mumewe ni jiki. Akaitwaa chupa, akaimimina vivyo hivyo bila ya kuichanganya na maji, akasugua kwa brashi kwa nguvu zake zote.

Niliporudi nalipokewa na harufu kali tangu mlangoni. Mtoto alikuwa akikohoa, mama yake akikohoa, macho yamemwiva, na katikati ya zulia pana doa la manjano lenye upana wa sahani ya wali. Nalisema neno ambalo sitaliandika hapa. Yatosha kueleza kwamba lilihusu alikotoka na jinsi alivyolelewa. Kisha nikapiga magoti kulitazama zulia. Mtoto alitolewa nje apate hewa, lakini aliyemtoa ni jirani.

Kwa wasioijua asili ya jiki, ni maji yenye dawa iitwayo haipokloraiti ya sodiamu. Mfaransa Berthollet ndiye aliyeonyesha, katika miaka ya 1780, kwamba klorini yaweza kung'arisha nguo, na maji ya dawa ya namna hiyo yakaanza kutengenezwa Javel, kando ya Paris. Ndiyo sababu jirani zetu wa Congo mpaka leo huiita javel. Kazi yake ni kuivunja rangi yenyewe. Katika kanzu nyeupe ya pamba hapana rangi ya kuogopea, ndipo tukaipenda. Juu ya kitu cha rangi ni habari nyingine. Rangi iliyovunjwa haiungiki tena, na kusugua kwa sabuni ni kujichosha bure, maana hapana kitu cha kutoa. Kilichokuwapo kimekwisha kuondoka.

Sufu ina msiba wa pili. Sufu ni nywele za kondoo, na jiki huzila nywele. Ukitumbukiza uzi wa sufu katika jiki kali ukauacha humo, utayeyuka wote. Pamba haiyeyuki hivyo, ijapokuwa nayo hudhoofika ikikaa mno. Ndivyo yalivyotokea kwetu. Siku ya tatu manyoya ya zulia pale penye doa yalianza kukatika kama majani makavu, na chini yake ikatokeza mitande ya pamba, mizima, imejipanga kama mifupa ya samaki.

Na kile kikohozi nacho kilikuwa na sababu yake. Mkojo ukikutana na jiki hutoka hewa iitwayo kloramini, nayo huwasha macho na kifua. Siki na maji ya ndimu ni hatari zaidi, kwani yakitiwa juu ya jiki huitoa klorini yenyewe, hewa ile ile iliyotumiwa kuulia watu vitani huko Ypres, Ubelgiji, mwezi wa Aprili 1915. Nalitaja hili kwa kuwa kinamama wengi, wakiona doa, kitu cha kwanza wakimbiliacho ni ndimu. Huku kwetu watu wamekwisha jifunza kuihofu zebaki ambayo wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu. Walakini chupa ya jiki twaiweka chini ya meza, karibu na sabuni, mkono wa mtoto upatapo kufika.

Lau akili zangu zingalikuwa nami saa ile, kazi ingalikuwa hivi. Kwanza kumtoa mtoto nje na kufungua madirisha. Pili kuinyonya ile jiki kwa kitambaa kikavu, kwa kukandamiza wala si kwa kusugua, kwani kusugua huieneza. Kisha maji baridi, mara nyingi, kila mara yamiminwe na kunyonywa. Baada ya hapo vidonge vya vitamini C hutwangwa, vikakorogwa katika maji na kutiwa pale pahali, kwa kuwa huimaliza nguvu ya klorini iliyosalia ndani ya nyuzi. Mafundi wa picha wa zamani walikuwa na chumvi yao ya kusafishia filamu iitwayo haipo, nayo hufanya kazi hiyo hiyo vizuri zaidi. Lakini tangu studio za filamu zilipotoweka, ukiiulizia dukani utajibiwa kwa jina lake. Yote haya huzuia hasara isizidi. Rangi iliyokwenda haiirudishi.

Na juu ya hayo, hapana hata moja lililohitajiwa. Mtoto wa kiume anyonyaye tu, asiyekula chakula, mkojo wake hunyunyiziwa maji, basi. Huyu wetu alikuwa amekwisha anza uji, kwa hiyo yalitakiwa maji ya kuosha: mkojo ukaushwe kwa kitambaa, kisha maji yamiminwe yapaenee pale palipopatwa. Nani asiyeijua hadithi ya yule bedui aliyeingia Msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina akakojoa upande mmoja? Masahaba wakamwondokea kwa ukali. Mtume akawazuia, akamwacha mtu yule amalize haja yake, ndipo akaamrisha ndoo ya maji ikamiminwa pale. Bukhari na Muslim wameipokea. Mimi nimewasomesha watoto wa watu hadithi hiyo tangu Musoma, na siku zote nilipofika kwenye ukali wa Masahaba nalikuwa nikitabasamu.

Mkaza mwanangu hakunijibu neno siku ile. Asubuhi yake aliamka kama desturi, akaniamkia, "Shikamoo mama," akateka maji, akapika uji. Walakini hakuingia tena ukumbini. Alisali chumbani mwake juu ya mkeka. Akitaka kwenda jikoni alizunguka nyuma ya nyumba, hata mvua ikinyesha. Nami nalilifunika doa kwa meza ndogo, nikawaambia wanawake kuwa zulia limeungua kwa makaa ya chetezo. Uongo huo nao naukiri hapa.

Zikapita kama siku kumi na nne. Usiku mmoja mwanangu aliketi karibu nami akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, ameniuliza zulia hili lina thamani ya ng'ombe wangapi. Ataka kumwomba baba yake alipe."

Mahari yake ya kisheria alipewa mwenyewe mkononi. Lakini wazee wake nao walipelekewa ng'ombe, kama ilivyo mila ya Wakurya, na mimi ndiye niliyesimamia kuhesabiwa kwao. Sasa binti yule alikuwa akifikiri kumrudia baba yake, awaombe ng'ombe wale wale watoke zizini kwa ajili ya doa lenye upana wa sahani. Naliona haya isiyo na mfano. Nalikwenda chumbani mwake saa ile ile, nikaketi juu ya mkeka wake, nikamtaka radhi kwa lile neno, nikamweleza habari za ndoo ya maji.

Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Mama, mbona hukuniambia?"

Sikuwa na jibu.

Kazi ya kulitengeneza zulia ni yeye aliyeianza. Mimi nalikuwa nimepanga kukata kipande cha nyuma ya kabati nikitie viraka. Yeye aliligeuza zulia juu chini, akaupapasa mgongo wake, akasema, "Haya ni mafundo tu. Ni kama kusuka nywele." Huwasuka nywele wanawake wa Nyamongo siku za soko, na vidole vyake vina wepesi ambao vyangu havikupata kuwa nao hata ujanani. Aliutazama mgongo pale palipo pazima mpaka akaijua njia ya uzi: hupita juu ya mitande miwili, kila ncha ikazunguka mtande wake kwa nyuma, kisha ncha zote mbili zikatokea pamoja katikati. Nalipata kusoma baadaye kwamba fundo hili huitwa la Kituruki, na ya kuwa zulia kongwe kuliko yote yajulikanayo mazima, lililofukuliwa mwaka 1949 katika kaburi lililoganda barafu huko milima ya Altai, limefungwa kwa fundo la namna hii hii. Nalo lapata miaka 2,400 hivi. Yeye alilijua kwa kutazama, usiku mmoja, kwa mwangaza wa taa.

Kulikuwa na taabu ya sufu. Nyuzi za kufumia ziuzwazo madukani karibu zote ni za akriliki, yaani plastiki, na zikitiwa katika zulia la sufu hung'aa zikajitenga. Tulikwenda Sirari, mpakani, tukapekua marundo ya mitumba. Kila sweta jekundu tulilolidhania tulilipa bei, tukachomoa uzi wa pindoni, tukauchoma kwa kiberiti. Uzi wa plastiki huyeyuka ukafanya kidonge kigumu cheusi. Uzi wa sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kwa vidole. Wauza mitumba walitucheka sana. Sweta la sita ndilo lililonuka kama nywele, nasi tukafurahi kama watu waliookota dhahabu.

Tulilifumua, tukaona wekundu wake ni mkali kuliko wa zulia ambalo jua limekuwa likilipiga tangu 1987. Hapo mimi nalikuwa na la kufaa. Nalichemsha majani ya chai mengi, nikayachuja, nikazitia nyuzi zikiwa zimelowa maji tayari, nikazipasha moto polepole bila ya kuzikoroga, kwani sufu ikipata moto wa ghafula na kukorogwa hukamatana ikawa kama blanketi. Mara ya kwanza zilibaki kali. Mara ya pili zilitoka na rangi ya matofali, na nilipoziweka juu ya zulia sikuweza kusema zianzie wapi. Buluu ya maua tuliipata katika soksi za mvulana.

Tulianza mwanzo wa Rajabu, kila usiku baada ya Isha, mtoto akiisha lala. Kwanza tuliyang'oa kwa kibano manyoya yote yaliyodhoofika, mpaka tukafika penye sufu yenye nguvu, na doa likazidi kukua. Nalihesabu mgongoni mafundo 4 kwa kila sentimita ya urefu na 4 ya upana. Na pahali pote palipotaka kujazwa palikuwa sentimita 20 kwa 15. Nalipiga hesabu nikapata mafundo 4,800. Sikumwambia, nalihofu asije akakata tamaa. Yeye alikuwa amekwisha ipiga mwenyewe, akanificha mimi kwa sababu hiyo hiyo.

Usiku wa kwanza tulifunga 30. Katikati ya Shaabani alikuwa akifunga zaidi ya 150 kwa usiku, nami nikikata nyuzi na kumshikia taa, kwa sababu macho yangu hayaioni tena tundu ya sindano. Katika saa hizo tulizungumza mambo ambayo hatukupata kuyazungumza tangu aolewe. Alinieleza nyumba ya bibi yake, ambamo sakafu ilisiriziwa kwa samadi ya ng'ombe, na jinsi alivyoogopa siku aliyoingia kwangu akaona zulia, asijue aweke wapi miguu. Nalimweleza kwamba mimi nami nililipokea zulia hilo kutoka Maskati kwa khofu, kwani mama yangu hakupata kumiliki ila mikeka.

Ni wajibu niseme neno kwa wenye mazulia ya namna nyingine, kwani ya sufu si mengi majumbani. Mazulia mengi ya bei nafuu siku hizi ni ya polipropilini, plastiki ambayo rangi yake hutiwa kiwandani ingali imeyeyuka. Jiki aghlabu haiyafanyi neno, na kama limepauka, halipokei rangi mpya. La nailoni hupauka, lakini hupokea rangi, nawe waweza kulipaka kidogo kidogo kwa brashi, ukianza na rangi hafifu kuliko uitakayo. Kwa yote mawili dawa iliyo rahisi ni kiraka: kata mraba kwa kisu kikali kutoka pahali pasipoonekana, kata doa kwa kipimo hicho hicho, weka kitambaa na gundi chini yake, kisha utazame sana manyoya ya kiraka yalale upande mmoja na ya zulia.

Hilo la mwisho naliandika kwa uchungu, kwa sababu ndilo lililotupita. Manyoya ya zulia la kufumwa hulala upande mmoja kama manyoya ya paka, kwa kuwa kila fundo likiisha kufungwa huvutwa chini kabla ya kukatwa. Mkaza mwanangu alikuwa ameketi upande wa kibla, nami mkabala wake, na kila fundo alilivuta kuelekea kwake. Tulimaliza siku tatu kabla ya Ramadhani, tukapunguza manyoya kwa mkasi mpaka yakawa sawa, tukalitandika zulia pahali pake, ndipo tukaona. Ukisimama mlangoni, pale tulipotengeneza paonekana peusi kidogo, kama kivuli cha sahani. Ukisimama upande wa dirisha, wakati wa asubuhi, paonekana peupe kidogo kuliko pengine. Nalisema tuyafumue tena. Alinitazama, akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka ndani ya ukumbi ule.

Hatukufumua. Wanawake walipokuja usiku wa kwanza wa Tarawehe, mmoja aliuliza ile meza ndogo imekwenda wapi, na ule mwunguzo wa makaa umetengenezwa na fundi gani. Nikamwonyesha mkaza mwanangu, nikawaeleza pia kwamba hayakuwa makaa. Yeye alikuwa amekwisha panga safu pamoja nao, mtoto amefungwa nepi amelala ubavuni mwake, na miguu yake imesimama juu ya yale mafundo 4,800.